Wanyama Wakubwa na Nyasi za Mkomazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bendera)



Halmashauri ya Chama chetu imetutaka tuseme habari za wanyama wakubwa ambao siku hizi hurudishwa katika mbuga walizotoweka, ili nyasi za nchi zipate kusitawi tena. Twajua ya kuwa baadhi yenu mlipoliona tangazo hili mlicheka, mkasema, "Je, makarani nao wamekuwa wachungaji wa faru?" Jibu letu ni fupi. Tembo akitoka mbugani usiku akala mahindi ya mtu, asubuhi mwenye shamba haendi kwa tembo, huja kwetu. Karani ndiye aandikaye jina lake, bwana shamba ndiye apimaye eka zilizoharibika, mtendaji wa kijiji ndiye atiaye sahihi na muhuri. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa mambo ya mbugani hayatuhusu. Yafika mezani petu kila msimu wa mavuno, na yafaa tujue yatoka wapi.

Tuanze na nyasi zenyewe. Watu wengi hudhani ya kuwa nyasi huota kwa mvua tu, na mnyama kazi yake ni kuzila na kuzimaliza. Walakini mbuga isiyoliwa na mnyama yeyote haidumu kuwa mbuga. Nyasi zikiachwa huzeeka. Mabua hukauka yakiwa yamesimama, yakafunika machipukizi yaliyo chini yasipate jua. Hapo moto hupata kuni nyingi, ukija huja kwa ukali. Na mahali usipofika moto, vichaka vya miiba hujipenyeza. Kichaka kikishapita kimo cha mtu, kivuli chake na mizizi yake huzinyima nyasi mwanga na maji. Mnyama mkubwa alaye nyasi huzuia hayo. Nyasi hukua kutoka shinani, si kutoka nchani kama mti, ndiyo sababu huvumilia kung'atwa zikachipua upya. Kwato huvunja ugaga wa udongo, mbegu husafiri tumboni, na mavi huwa samadi isiyohitaji gari la kuichukua. Lakini kung'atwa bila kupumzika ni jambo jingine. Shina likiliwa leo na kesho na kesho kutwa, mizizi hufa, na udongo mwekundu huachwa wazi kwa upepo na maji. Basi kipimo cha mambo haya yote ni mwendo: mnyama aje, ale, aende zake, arudi nyasi zikiisha pumzika.

Mbuga tuliyo nayo jirani ni Mkomazi. Jina lake huelezwa ya kuwa ni la Kipare: mko ni kijiko cha mti, na mazi ni maji, yaani maji ya kujaza kijiko tu. Aliyelitoa jina hilo alikuwa mpimaji mzuri wa mvua kuliko vyombo vyetu vya bati. Nchi ile ina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 3,200, nayo iko upande ambao mawingu ya bahari hufika yakiwa yamekwisha kumwaga maji yao juu ya Usambara na Upare. Humo kuna migunga, na miti ya jamaa ya manemane, na kati yake viwanja vya nyasi ambavyo hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mvua, moto na walaji.

Tumesema walaji, na hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwa maana kutoweka kwa wanyama wakubwa katika nchi hizi hakukuanza na majangili. Mwisho wa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kwa njia ya Uhabeshi, na kufikia mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuingia katika nchi za Wamasai. Yakadiriwa ya kuwa katika makundi mengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Wala haukuchagua mali ya mtu na mali ya Mungu: nyati, pofu na nyumbu waliangamia vile vile. Kisha zikafuata ndui na njaa. Watu walipopungua na mifugo ilipokwisha, malisho mengi ya Afrika Mashariki yaliachwa bila mlaji na bila mchoma moto, vichaka vikaota, na mbung'o wakakaa ndani ya vichaka. Mtu aliyetaka kurudisha ng'ombe pale aliwaona wakifa kwa ndorobo. Katika miaka ya 1920 huko Shinyanga, zamani za Bwana Swynnerton aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama, maelfu ya watu waliitwa kufyeka vichaka kwa mashoka ili kuwafukuza mbung'o. Yaani kazi waliyokuwa wakiifanya ng'ombe na nyati bila mshahara, sasa ilifanywa na watu kwa mikono yao.

Sasa angalieni jinsi mambo yalivyogeuka Serengeti. Baada ya Vita vya pili vya Dunia mabwana mifugo waliwachanja ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka mbuga ile, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu. Hakuna aliyewaleta nyumbu kwa meli wala kwa gari. Walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,300,000. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua urefu, moto ulikosa kuni. Moto ulipopungua, miche ya miti ilipata nafuu, hata misitu iliyokuwa ikirudi nyuma ikaanza kusonga mbele. Na sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote mwaka 2011. Twalisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu moja. Kundi kubwa mno la wanyama wala nyasi lilirudi kwa sindano aliyochomwa ng'ombe wa mtu wa kijijini. Wale wanaosema ya kuwa ng'ombe na mnyama wa mwitu ni adui tangu asili, yafaa walifikiri.

Mkomazi mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1948 serikali ya Kenya ilifanya Tsavo kuwa hifadhi. Mwaka 1951 serikali ya Tanganyika ilitenga Mkomazi kuwa pori la akiba, na mipaka ya hizo mbili hukutana. Wakati huo baadhi ya wafugaji waliokuwamo waliruhusiwa kubaki. Miaka ikapita, watu wakaongezeka, wengine wakaingia, na kufikia miaka ya 1980 ng'ombe waliokuwa wakilisha humo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Serikali ilisema nchi inachakaa, na mwaka 1988 wafugaji wote waliamriwa kutoka. Wenye elimu hawakupatana juu ya uchakavu huo: wako walioona udongo ulioharibika, na wako waliosema ya kuwa katika nchi ya mvua haba namna ile, nyasi hupotea na kurudi kwa amri ya mvua kuliko kwa amri ya ng'ombe. Wafugaji 53 walipeleka shauri mahakamani. Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mwaka 1999, wala hawakurudishiwa malisho yao. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa. Hatusemi haya ili kuchimbua shauri lililokwisha amuliwa. Twasema kwa kuwa mtu akitaka kujua ni mnyama gani mkubwa alaye nyasi aliyeondolewa Mkomazi kwa wingi mwishoni mwa karne iliyopita, jibu la kweli ni ng'ombe. Na jibu hilo husahauliwa.

Aliyerudishwa ni faru mweusi. Habari yake ni ya ajabu nayo yastahili kusimuliwa. Mwaka 1970 faru weusi katika Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000. Pembe iliwaua: kufikia mwaka 1995 walikuwa wamebaki kama 2,400. Mkomazi, ambako zamani walikuwa jambo la kawaida, mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na hata mmoja wa kuonyesha mtoto. Mwaka 1989 alifika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wa George Adamson huko Kora nchini Kenya, akaitwa na Serikali ya Tanzania aifufue mbuga. Zikafunguliwa barabara, yakachimbwa malambo, ukajengwa uzio wa umeme wa kuwalinda faru. Mwaka 1997 wakaletwa faru wanne kutoka Addo, Afrika ya Kusini, na mwaka 2001 wanne wengine. Hao wa Addo hawakuwa wageni kabisa, maana wazee wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapelekwa kusini. Wajukuu ndio waliorudi kwao, kama mtu aliyezaliwa mgodini Johannesburg anavyorudi kuzika kwao. Mwaka 2009 wakaja watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika nchi ya Wacheki, na mwaka 2012 watatu kutoka Port Lympne, Uingereza. Wamezaa humo. Siku hizi faru weusi wa Afrika wamepita 6,000, na Mkomazi ina sehemu yake katika hesabu hiyo. Fitzjohn alifariki mwaka 2022, naye aliyaona matunda ya kazi yake, jambo ambalo si wengi hulipata.

Basi twawapongeza wote walioifanya kazi hiyo, wakiwamo askari wanyamapori ambao hulala porini sisi tukilala nyumbani. Lakini mtu asidhani ya kuwa faru hawa ndio watakaorudisha mbuga ya nyasi. Mtazameni mdomo wake. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole, nao hutumika kukamata vijiti na majani ya vichaka; nyasi kwake si chakula cha kila siku. Aalaye nyasi ni yule mwenye mdomo mpana, aitwaye faru mweupe, ingawa rangi zao ni kitu kimoja. Huko Hluhluwe-iMfolozi, Afrika ya Kusini, wataalamu walipima mahali walipoondolewa faru weupe: viwanja vya nyasi fupi vilipungua, nyasi ndefu zikashika nafasi, na moto ukaenea mbali zaidi kuliko kwanza. Faru mweupe mmoja ni sawa na wakata majani wengi. Mwaka 2021 Akagera nchini Rwanda ilipokea 30 wa jamaa hiyo, na mwaka 2025 Ngorongoro nayo ikapokea 18. Faru wetu wa Mkomazi, kwa vile hula vichaka, husaidia nyasi kwa upande wa pili, yaani hupunguza kivuli. Walakini ni wachache, nao wako ndani ya uzio. Wachache hawa katika kilometa 3,200 hawawezi kufanya mashamba ya nyasi, kama vile makarani wawili wasivyoweza kuandika hesabu za mkoa mzima.

Mfyekaji mkuu wa nchi hii ni mwingine, naye hahitaji ndege. Ni tembo. Katika miaka ya 1960 tembo wa Tsavo walikuwa wengi hata wakaangusha miti ya manemane na kumenya mibuyu, na mahali palipokuwa na kichaka kisichopenyeka pakawa wazi, nyasi zikaota, pundamilia na choroa wakaongezeka. Wakubwa wakagombana. Bwana Richard Laws, mtaalamu, alitaka maelfu wauawe ili kuokoa miti; Bwana David Sheldrick, mlinzi mkuu wa Tsavo ya mashariki, alikataa, akasema nchi itajirekebisha. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukaua tembo kama 6,000. Halafu wakaja majangili. Katika eneo zima la Tsavo na Mkomazi, ambalo yakadiriwa lilikuwa na tembo zaidi ya 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, hesabu ya mwaka 1988 ilipata wapatao 6,000 tu. Na baada yao vichaka vikarudi. Kufikia mwaka 2017 tembo walihesabiwa karibu 13,000. Nani alikuwa na haki kati ya Laws na Sheldrick, wenye elimu wangali wakibishana; sisi twaona ya kuwa wote wawili walimwona tembo jinsi alivyo, yaani mnyama abadilishaye sura ya nchi kwa meno na mkonga.

Tembo hao hawajui mpaka wa Kenya na Tanzania, wala mpaka wa hifadhi na kijiji. Mvua ikinyesha upande huu huja; ikikatika hurudi. Mwendo huo, ambao mwanzo tuliusema kuwa kipimo cha yote, ndio uponyao nyasi. Na mwendo huo huo ndio upitao katika mashamba yetu. Hapa ndipo jambo hili linapotuuma. Mkitaka mbuga irudi lazima tembo watembee. Wakitembea watavuka mahindi, mpunga na migomba ya watu wa tambarare hii. Hakuna njia ya kupata la kwanza bila kukutana na la pili, na yeyote awaambiaye wananchi vinginevyo hawatendei haki.

Kabla ya kufika mashambani, tumalize habari ya ng'ombe. Katika Narok, kusini-magharibi ya Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walichunguza mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji miaka kati ya 1,500 na 3,700 iliyopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watu walihama zamani hata majina yao hayajulikani, lakini mahali pa samadi yao udongo ungali na rutuba kuliko pande zote, na nyasi za hapo ni tamu. Swala na pundamilia hupachagua wakapaacha penginepo. Viwanja ambavyo mtalii huvipiga picha akasema ni nchi isiyoguswa na binadamu, vingine vilianzishwa na zizi la ng'ombe. Tena huko Mpala, Laikipia, tangu mwaka 1995 kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio: kimoja huingia ng'ombe peke yao, kingine wanyama wa mwitu peke yao, kingine wote pamoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yaonyesha ya kuwa wakati wa kiangazi pundamilia humpunguzia ng'ombe chakula, kama mfugaji yeyote ajuavyo. Lakini wakati wa mvua pundamilia hula mabua magumu, chini yake hutokea machipukizi mapya, na ng'ombe alishaye pamoja naye hunenepa zaidi kuliko alishaye peke yake. Na hapo hapo Laikipia, katika Ol Pejeta, makundi ya ng'ombe huchungwa mchana katika nchi ile ile ya faru na simba, usiku hulala katika maboma ya chuma yanayohamishwa, na kila lilipotoka boma huota kiwanja cha nyasi.

Hatusemi ya kuwa kesho lango la Zange lifunguliwe ng'ombe waingie. Sheria ya Hifadhi za Taifa yakataza, nasi tu watumishi wa sheria. Tena Laikipia ina wachungaji wa kulipwa, visima na hesabu kali ya idadi ya ng'ombe. Mahali pasipo na hesabu hiyo ng'ombe hugeuka kuwa shoka. Lakini ardhi ya vijiji iliyo nje ya mpaka haikatazwi. Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na Wamasai nao hufanya vivyo hivyo. Shinyanga ile ile iliyofyekwa kwa mashoka katika miaka ya 1920, ilipokuwa imekuwa jangwa, ilianza tangu mwaka 1986 kufufua ngitili chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi, na maelfu mengi ya hekta yakarudi kuwa na nyasi na miti. Vijiji vyetu vina mabaraza na vina mihtasari ya vikao. Kufunga malisho kwa miezi minne na kuandika katika kitabu cha kijiji si jambo linalongojea fedha kutoka nje. Wafugaji waliotolewa mwaka 1988 na watoto wao wengi wangali jirani zetu, na ng'ombe wao akivuka mpaka hukamatwa, na mwenyewe hutozwa faini. Afadhali baraza lipange nyasi za kijijini kuliko mtu kuuza ng'ombe wawili ili awakomboe wanane.

Sasa mashamba. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ambayo sote twayajua kwa majina yake: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au aliyeuawa. Yalipotungwa, kwa eka moja iliyoharibiwa malipo yalikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000, mwisho eka 5, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua. Kwa mtu aliyeuawa zilikuwa shilingi 1,000,000. Majina hayo ni ya haki: hakuna aliyesema fidia. Aliyelima eka mbili karibu na mpaka, akalinda kwa mwenge na debe la bati siku sitini, akazipoteza kwa usiku mmoja, alipewa cha kufutia jasho, na jasho lilikuwa jingi kuliko kitambaa. Mbuga ni ya taifa zima, na sifa ya faru yafika Ulaya. Lakini gharama ya tembo hulipwa na kaya chache zilizo kando ya mpaka. Hili si neno la kuwalaumu wenzetu wa hifadhi, ambao hutoka usiku kuja kufukuza tembo wakiitwa. Ni neno la hesabu, na hesabu ni kazi yetu.

Kuna njia za kupunguza hasara. Huko Sagalla, karibu na Voi, upande wa pili wa Tsavo, tangu mwaka 2009 wakulima wamening'iniza mizinga ya nyuki kwenye kamba kuzunguka mashamba. Tembo akigusa kamba mizinga hutikisika, na tembo, kwa ukubwa wake wote, huwaogopa nyuki. Si kila tembo hurudi, tena mwaka wa ukame nyuki huhama na uzio hubaki kamba tupu. Lakini wengi hurudi, na mwenye shamba hupata asali. Milima yetu ina warina asali wa tangu zamani. Wengine hupaka kamba pilipili na mafuta machafu ya gari. Yote mawili yataka watu wapande mashamba yao pamoja, maana shamba moja lililo peke yake katikati ya njia ya tembo halilindiki kwa nyuki wala kwa pilipili. Na njia za tembo, zile ambazo wazee huzijua, zisigawiwe viwanja wala mashamba mapya. Hapa kosa si la tembo, ni la aliyegawa.

Walakini hata pale panapokuwa na mizinga, hasara itakuwapo, na hasara isiyoandikwa vyema haina mdomo. Tumeyaona madai yaliyorudishwa kwa sababu eka hazikutajwa, au kwa sababu tarehe ya ukaguzi ilipita siku nyingi baada ya tukio, mabua yakawa yamekwisha kulishwa mbuzi. Tumeona habari ya tembo kumi na wawili imeandikwa "tembo wengi." Wakubwa wanaopanga malipo, na wenye elimu wanaotaka kujua tembo hupita wapi na mwezi gani, wote wawili hutegemea kitabu kile kile kilicho mezani kwa karani. Aliye Dar es Salaam hawezi kujua ya kuwa Bendera imepoteza nini ila kwa mkono wetu.

Kwa hiyo Halmashauri imekubali kila kata iwe na daftari moja la namna moja, tukaona safu saba zatosha: tarehe na saa, jina la mwenye shamba, zao na umri wake, eka zilizopimwa kwa hatua, si kwa macho, idadi ya wanyama na mahali walikotokea, mahali walikoelekea, na tarehe hati ilipopelekwa mbele. Safu ya tano na ya sita tusizipuuze kwa kuwa hazihusu malipo. Hizo ndizo zitakazoonyesha njia za tembo baada ya miaka mitatu minne, na baraza likiulizwa kwa nini halikugawa ardhi fulani, litafungua daftari. Wenzetu wa mifugo wataongeza upande wa nyuma malisho yaliyofungwa na siku yalipofunguliwa. Madaftari yamekwisha kupigwa mistari, yako kwa Katibu. Wa Bendera wachukue lao leo kabla ya chai, na wa Ndungu na Kihurio wamwone mweka hazina kwa nauli ya kuyapeleka.